Kwa nini namba tasa kubwa zinazotangazwa huwa karibu zote za umbo moja?

#1 KoroshoGhafi (Chikongola, Mtwara)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa nyuma ya nyumba nikianika korosho, na mtoto wa dada yangu aliye kidato cha pili alikuwa akinisaidia kutoa zile zilizotobolewa na wadudu. Katikati ya kazi alitenga korosho 31 juu ya jamvi, akaanza kuzipanga katika mistari iliyo sawa. Alipanga mistari miwili, ikabaki moja. Mitatu, ikabaki moja. Minne, zikabaki tatu. Mitano, ikabaki moja tena. Mwishowe akakunja mikono akasema, "Mjomba, hizi ni tasa, hazipangiki ila kwa mstari mmoja mrefu." Nilifurahi kuona kwamba ada ya tuisheni haipotei bure, lakini swali lililofuata lilinishinda, kwa kuwa alitaka kujua namba tasa kubwa kuliko zote ni ipi.

Nilipotafuta kwenye simu nilisoma kwamba ina tarakimu zaidi ya milioni 24, na kwamba inaitwa kwa jina la Mersenne, Mjerumani aliyeigundua. Hapa nitaandika 2^31 nikimaanisha mbili 31 zilizozidishwa pamoja. Kilichonishangaza ni kwamba namba zote zilizoshika nafasi hiyo miaka ya karibuni ni za umbo hilohilo: unazidisha mbili kwa mbili mara nyingi sana, kisha unatoa moja. Hata korosho za mtoto ni 2^5 − 1. Je, ndiyo asili ya namba tasa kubwa kuwa hivyo, au kuna sababu nyingine?

#2 MwalimuMstaafu (Ligula, Mtwara)

Ndugu KoroshoGhafi, swali lako ni zuri kuliko taarifa ulizolijengea, kwa hiyo niruhusu kwanza nisahihishe.

Marin Mersenne alikuwa mtawa wa Kifaransa, aliyezaliwa mwaka 1588 na kufariki mwaka 1648, na namba unayoisema hakuiota hata usingizini. Alichofanya mwaka 1644 ni kuchapisha orodha ya vipeo (yaani idadi ya mbili zinazozidishwa kabla ya kutoa moja) visivyozidi 257 ambavyo aliamini kwamba vinatoa namba tasa, na orodha yenyewe ilikuwa na makosa matano: aliingiza 67 na 257 ambavyo havistahili, akaacha 61, 89 na 107 vinavyostahili. Ile namba ya tarakimu 24,862,048 ilipatikana mwaka 2018 na imekwisha kupitwa. Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant, akishirikiana na mradi wa kujitolea uitwao GIMPS, alipata 2^136,279,841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba hakuna "namba tasa kubwa kuliko zote". Sema "kubwa kuliko zote zinazojulikana". Euclid alithibitisha yapata miaka 2,300 iliyopita kwamba hazina mwisho, na mwaka 1852 Mrusi Chebyshev akathibitisha kwamba kati ya namba yoyote nzima inayozidi moja na maradufu yake haikosekani namba tasa. Maana yake ni kwamba hatua moja tu mbele ya namba ya Durant, kabla hujafika kwenye maradufu yake, ipo nyingine kubwa zaidi ambayo hakuna binadamu aliyeiona.

#3 MpigaDebe (Mingoyo, Lindi)

Mwalimu, kama Euclid alitoa dawa, kwa nini watu wanahangaika? Nakumbuka shuleni tulifundishwa kwamba ukizidisha namba tasa zote unazozijua kisha ukaongeza moja, unapata namba tasa mpya. Wazidishe, waongeze moja, waende kulala.

#4 MwalimuMstaafu

Ulifundishwa vizuri ukakumbuka vibaya. Zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, kisha ongeza moja, utapata 30,031, ambayo ni 59 mara 509. Si tasa. Euclid alisema tu kwamba namba hiyo haigawanyiki kwa zile ulizoanza nazo, kwa hiyo ama yenyewe ni tasa au vigawo vyake ni tasa ambazo hukuwa nazo. Hapo umehakikishiwa kwamba mpya ipo, lakini hukuoneshwa iko wapi.

#5 SteshenariMasasi (Masasi)

Nimeijaribu namba ya Durant kwenye Excel hapa dukani, nikaletewa alama ya kosa papo hapo. Nikashuka hadi 2^67 − 1 ambayo Mwalimu amesema ilimponza Mersenne. Excel ikanipa 147,573,952,589,676 ikifuatiwa na sifuri sita. Namba witiri haiwezi kuishia na sifuri, nami nilidhani kompyuta imepata virusi.

#6 DataNewala (Newala)

Haina virusi. Programu hiyo hushika tarakimu 15 za mwanzo na kujaza sifuri kwingine, na haivuki kabisa namba zenye tarakimu zaidi ya 309. Jibu kamili la 2^67 − 1 ni 147,573,952,589,676,412,927.

Kuhusu namba ya Durant, mwisho wake unaweza kupatikana kwa kalamu bila kompyuta. Tarakimu mbili za mwisho za vipeo vya mbili, kuanzia 2^2, hujirudia kila baada ya hatua 20: 2^2 huishia na 04, na 2^22, ambayo ni 4,194,304, huishia na 04 vilevile. Ukigawanya 136,279,841 kwa 20, unabaki na 1, kwa hiyo kipeo chetu kinafuata mkondo wa 2^21, ambayo ni 2,097,152. Inaishia na 52. Toa moja. Namba kubwa kuliko zote zinazojulikana inaishia na 51, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kuithibitisha sehemu hiyo kabla uji haujapoa.

#7 MpigaDebe

Basi nimemkamata Durant. Hamsini na moja ni 3 mara 17. Namba inayoishia na kitu kinachogawanyika kwa tatu inakuwaje tasa?

#8 BintiNachingwea (Nachingwea, Lindi)

Kaka MpigaDebe, 151 inaishia na 51 na ni tasa. Mwisho wa namba hukuonesha iwapo inagawanyika kwa mbili au kwa tano, lakini kwa tatu hauoneshi kitu. Ukitaka kujua kuhusu tatu, tazama vipeo vya mbili vyenyewe: 2, 4, 8, 16, 32. Ukivigawanya kwa tatu, mabaki yanapokezana, mbili, moja, mbili, moja. Kipeo cha Durant ni witiri, kwa hiyo baki ni mbili. Ukitoa moja, linabaki moja. Haigawanyiki kwa tatu, na abiria wako washuke salama.

#9 MzeeWaBaraza (Mikindani, Mtwara)

Vijana wangu, assalamu alaikum. Mimi si mtu wa kompyuta, ila nimecheza bao tangu nikiwa mtoto, na swali la KoroshoGhafi nimelipimia hapo.

Bao letu lina mashimo 32. Chukulia kwamba unaweka kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, na kuendelea kuongeza maradufu. Jumla ya kete katika mashimo mawili ni 3, katika matatu ni 7, katika matano ni 31, katika saba ni 127. Hizo zote ni tasa. Mjukuu wangu alinipigia hesabu kwa simu: ukijaza mashimo 31 na kuacha moja tupu, jumla ni 2,147,483,647, naye akanisomea kwamba Leonhard Euler aliithibitisha kuwa tasa mwaka 1772. Ukijaza na lile shimo la mwisho, utasa unavunjika vibaya sana: jumla inakuwa 4,294,967,295, ambayo ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537. Shimo moja tu limegeuza mambo. Nilifikiri kwamba kila idadi ya mashimo iliyo tasa itatoa jumla iliyo tasa, lakini mashimo 11 yananikatalia. Kwa nini?

#10 KoroshoGhafi

Shikamoo, Mzee. Kete zako za mashimo 31 nimezigeuza kuwa korosho, kwa kukadiria korosho ghafi 180 kwa kilo. Zinafika tani 11,900 na ushei, yaani magunia ya kilo 80 yapatayo 149,000. Sijui chama chetu cha msingi kingezipokea vipi ghalani, na karani akitaka kuyapanga magunia kwa mistari iliyo sawa…

#11 MpigaDebe

Magunia si lazima yawe tasa, mkuu, hata kama korosho zake ni tasa. Na mimi nimejifunza kusahihisha.

#12 MwalimuMstaafu

Marahaba nyingi kwa wote. Mzee wangu wa Mikindani, mashimo 11 yanatoa 2,047, nayo ni 23 mara 89. Sheria inakwenda upande mmoja tu. Idadi ya mashimo isipokuwa tasa, jumla haiwezi kuwa tasa: mashimo 15 yanatoa 32,767, nayo inagawanyika kwa 7, ambayo ni jumla ya mashimo matatu, na kwa 31, ambayo ni jumla ya mashimo matano, kwa sababu 15 ni tatu mara tano. Lakini idadi ya mashimo ikiwa tasa, mlango umefunguliwa tu na hakuna ahadi ya kupata kitu ndani.

Hapa ndipo ninapoona jibu la swali la kwanza. Angalia 23 na 89 zilizoivunja 2,047. Zote mbili ukizigawanya kwa 22, yaani maradufu ya 11, zinabaki moja. Haikutokea kwa bahati. Kigawo chochote cha 2^p − 1, ikiwa p ni tasa zaidi ya mbili, lazima kibakize moja kikigawanywa kwa maradufu ya p. Kwa namba ya Durant maana yake ni kwamba haikuwezekana tangu mwanzo igawanyike kwa 3, kwa 5, kwa 7, wala kwa namba yoyote iliyo chini ya 272,559,683. Namba ya kawaida yenye ukubwa huo inakabiliwa na vigawo vyote hivyo vidogo, na vingi huiangusha mapema. Namba za Mersenne zimezaliwa na kinga dhidi ya magonjwa ya utotoni, na ndiyo maana zinaongoza.

#13 DataNewala

Kwa heshima zote, Mwalimu, kinga hiyo ni ya kweli lakini sidhani kwamba ndiyo sababu kuu. Kuwa tasa ni jambo moja na kuthibitishwa kuwa tasa ni jambo jingine. Namba tasa zenye tarakimu milioni 41 zimejaa tele: katika ukubwa huo, kwa wastani, namba moja katika kila milioni 94 hivi ni tasa. Tatizo ni kwamba ukishika mojawapo mkononi huna njia ya kuiapia.

Kwa umbo la 2^p − 1 njia ipo, na nitaionesha kwa korosho 31 za mtoto. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 31, ushike baki, kisha urudie. Nne mara nne ni 16, toa 2, unapata 14. Kumi na nne mara 14 ni 196, toa 2, ni 194. Ukigawanya kwa 31, linabaki 8. Nane mara nane ni 64, toa 2, ni 62, ambayo ni 31 mara mbili kamili. Baki ni sifuri. Kipeo kilikuwa 5, hatua zinazotakiwa ni 5 kutoa 2, yaani tatu, na hatua ya tatu imeleta sifuri. Imethibitika. Kwa 2,047 ya Mzee wetu hatua ni tisa, na ya tisa inaacha 1,736. Si sifuri, basi si tasa, na wala hukuhitaji kuzijua 23 na 89.

Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, mwaka 1876 kwa mkono, na rekodi yake haikuvunjwa hadi mwaka 1951. Baadaye Mmarekani Derrick Lehmer aliinyoosha njia hiyo ikawa hii niliyoieleza. Kwa namba ya Durant hatua ni 136,279,839, na katika kila hatua unazidisha namba inayokaribia tarakimu milioni 41 kwa yenyewe.

#14 SteshenariMasasi

Kila hatua pia kuna kugawanya kwa namba yenye tarakimu milioni 41. Kompyuta gani inamaliza?

#15 DataNewala

Hapo ndipo umbo linapoleta faida ya pili. Gawanya 4,567 kwa 99 utafute baki. Huhitaji kugawanya: kata namba vipande vya tarakimu mbili, 45 na 67, ujumlishe upate 112, kata tena, 1 na 12, upate 13. Baki ni 13. Hila hii inafanya kazi kwa sababu 99 ni mia kasoro moja. Kompyuta huhesabu kwa mbilimbili, na kwake 2^p − 1 ni kama 99 yetu: ni safu ya moja tupu, 136,279,841 zikifuatana bila sifuri hata moja. Hivyo hukata, hujumlisha, ikamaliza. Hata kuihifadhi namba yenyewe hakuhitaji zaidi ya megabaiti 17, ambazo ni chache kuliko video moja ya harusi.

#16 MvuviMsimbati (Msimbati, Mtwara)

Nimewasoma wote wawili na ninaona mmesahau wavuvi. Mtu akitega mitego yake yote kwenye miamba, akarudi kila siku na changu, hawezi kutangaza sokoni kwamba baharini kuna changu tu. Ule mradi wa GIMPS alioutaja Mwalimu unatafuta umbo hili peke yake, na maelfu ya watu wameuazima kompyuta zao kwa kazi hiyo. Watafutaji wakijaa sehemu moja, ni lazima rekodi itoke hapo. Tabia iko kwa watafutaji, haiko kwa namba.

#17 DataNewala

Ndugu Mvuvi, watu hutega pale penye njia ya kuvua. Mradi huo ulianzishwa na George Woltman mwaka 1996 kwa sababu kipimo rahisi kilikuwepo tayari. Sababu unayoitoa ni mtoto wa sababu yangu.

#18 MvuviMsimbati

Mtoto akikua hujitegemea. Mwaka 1989 kundi la watu sita huko Marekani lilichukua rekodi kwa 391,581 mara 2^216,193, kutoa 1. Tarakimu 65,087, na si namba ya Mersenne. Ilikaa na rekodi hadi mwaka 1992. Kwa hiyo KoroshoGhafi alivyosema "zote" ni sahihi kwa miaka ya karibuni tu, tangu umati ulipohamia upande mmoja.

#19 MwalimuMstaafu

Hilo la 1989 ni kweli, nami nalipokea. Ila tazama kwamba hata hiyo ni jirani wa karibu: ni kipeo kikubwa cha mbili, kimezidishwa kwa namba ndogo, kisha ikatolewa moja. Hawakuhama kijiji, walihamia nyumba ya pili.

#20 WakalaTandahimba (Tandahimba)

Samahani kwa kuingilia. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu, na nimesikia kwamba namba tasa kubwa ndizo zinazofunga siri za benki. Je, hii mpya si itakuwa kufuli kubwa kuliko yote, na ndiyo maana inatafutwa?

#21 DataNewala

Ndugu Wakala, sehemu ya kwanza ni sahihi na ya pili ni kinyume chake. Kufuli lililobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977 hutengenezwa kwa kuzidisha namba tasa mbili za siri. Katika kipimo kinachotumika sana, kila moja huwa na tarakimu zipatazo 309, na zao lake 617. Nguvu yake ni kwamba kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua, ilhali kulivunja zao hilo ili kupata zile mbili za mwanzo kunashinda kompyuta zote za leo. Sasa namba ya Durant imetangazwa dunia nzima. Kuifanyia kufuli ni sawa na kuficha ufunguo juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo mtaa mzima unajua.

#22 SteshenariMasasi

Nirudi nyuma kidogo. DataNewala amesema katika #13 kwamba 2,047 ilijulikana si tasa bila kuzijua 23 na 89. Jambo hili linanikalia kooni. Ukisema mtu si tasa, nioneshe mtoto. Unawezaje kuapa kwamba namba ina vigawo na huwezi kutaja hata kimoja?

#23 BintiNachingwea

Chukua 15 na ujifanye hujui kwamba ni tatu mara tano. Kuna sheria ya Fermat kwamba ukiwa na namba tasa witiri, ukachukua kipeo cha mbili kilicho pungufu yake kwa moja, baki lazima liwe moja. Kwa 15, kipeo ni 14: 2^14 ni 16,384, na ukigawanya kwa 15 linabaki 4. Sheria imevunjwa, kwa hiyo 15 si tasa, na hakuna aliyetaja 3 wala 5. Nyayo zinatosha kumjua aliyepita hata kama humwoni.

Historia ya 2^67 − 1 ni hiyohiyo. Lucas alionesha mwaka 1876 kwamba si tasa bila kutoa kigawo. Vigawo vikaja mwaka 1903, pale Mmarekani Frank Nelson Cole aliposimama mbele ya wanahisabati wenzake, akazidisha ubaoni 193,707,721 kwa 761,838,257,287, akapata ile namba ambayo Excel ya dukani kwako imeshindwa kuiandika. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno, akarudi kuketi, na ukumbi ukampigia makofi. Na hadi leo 2^1277 − 1, yenye tarakimu 385 tu, inajulikana kwamba si tasa ilhali hakuna aliyepata kigawo chake hata kimoja.

#24 DataNewala

Dada yangu ameeleza vizuri, ila wasomaji wasije wakaigeuza sheria hiyo. Namba 341 inapita kipimo cha Fermat kwa mbili bila tatizo, kumbe ni 11 mara 31. Kuvunja sheria kunathibitisha kwamba si tasa. Kuitii hakuthibitishi utasa. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Durant. Tarehe 11 Oktoba 2024 mashine iliyoko Dublin ilisema namba hiyo inaelekea kuwa tasa, na siku iliyofuata mashine nyingine iliyoko San Antonio, Texas, ikaithibitisha kwa zile hatua za kuanzia na 4.

#25 BintiNachingwea

Nashukuru kwa kizibo hicho. Sasa niseme jambo langu ambalo nimekuwa nikilishikilia tangu #1. Neno lenyewe, tasa, kwetu ni mbuzi au mtu asiyezaa, na ndivyo tulivyoelezwa darasani: ni namba isiyo na kigawo isipokuwa moja na yenyewe. Lakini namba hizi za Mersenne ndizo tasa pekee ninazozijua zenye uzao. Kila moja huzaa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo chini yake. Chukua 7, izidishe kwa 4, unapata 28. Vigawo vyake ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28 ileile. Chukua 31, izidishe kwa 16, unapata 496. Euclid alionesha njia hii, na Euler akaonesha kwamba namba kamilifu zote zilizo shufwa hutokana nayo. Kwa hiyo siku Durant alipopata namba yake, namba kamilifu ya 52 inayojulikana ilizaliwa siku hiyohiyo.

Ndiyo sababu yangu, tofauti na za kaka zangu. Watu walizitafuta namba hizi miaka elfu mbili kabla ya kompyuta kwa ajili ya huo uzao, na kipimo cha Lucas kilikuja kwa sababu watu walikuwa tayari wamesimama hapo.

#26 MpigaDebe

Tasa anayezaa mapacha wa tarakimu milioni 82. Nachingwea kuna mambo.

#27 MzeeWaBaraza

Binti yangu amesema neno. Namba kamilifu za witiri je, zipo?

#28 MwalimuMstaafu

Hakuna aliyewahi kuipata hata moja, Mzee, na hakuna aliyethibitisha kwamba hazipo. Vilevile hakuna anayejua kama tasa za Mersenne hazina mwisho. Hata huko kusema "ya 52" ni kwa zinazojulikana: ile ya kipeo 43,112,609 ilipatikana Agosti 2008, na wiki mbili baadaye ikapatikana ndogo yake, 37,156,667, iliyokuwa imerukwa. Mwaka 2009 ikaja nyingine iliyokaa katikati yao.

#29 MvuviMsimbati

Na nyingine ilikaa ndani ya mtego bila mwenye mtego kujua. Kompyuta ya chuo kikuu kimoja cha Missouri iliipata 2^74,207,281 − 1 Septemba 2015, lakini barua pepe ya kutoa taarifa haikutumwa kwa sababu ya hitilafu ya programu. Binadamu wa kwanza kuiona aliiona Januari 7, 2016. Mtasema tena sababu iko kwenye namba na si kwa watafutaji?

#30 SteshenariMasasi

Niongeze moja kuhusu kete za Mzee wetu za mashimo 31. Hiyo 2,147,483,647 ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo kompyuta nyingi za zamani huweza kuishika katika hesabu ya sekunde, wanazozihesabu tangu mwanzo wa mwaka 1970. Zitafika hapo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, mashine ambazo hazijarekebishwa zitadhani ziko mwaka 1901. Hapo utasa hauna kosa lolote. Ni mashimo yamejaa tu.

#31 KoroshoGhafi

Nawashukuru. Nimemsomea mtoto majibu yote. Yeye ameamua kuiandika namba ya Durant katika madaftari. Kwa tarakimu 40 kila mstari na mistari 30 kila ukurasa, daftari la kurasa 80 linameza tarakimu 96,000, kwa hiyo anahitaji madaftari 428. Nimemwambia aanze na lile la mwisho, kwa sababu hiyo 51 tayari tunayo. Kuhusu sababu, yeye yuko upande wa Dada wa Nachingwea; mimi bado ninayumba kati ya kinga ya Mwalimu na kipimo cha DataNewala.

#32 SteshenariMasasi

Mimi nimepakua programu ya GIMPS nikaiacha ifanye kazi kwenye kompyuta ya dukani. Wiki ya tatu sasa, kipeo kimoja tu. Leo mchana ilikuwa imefika asilimia 61, na umeme ukakatika mtaa mzima.

#33 MwalimuMstaafu

Imekatikia mahali pazuri. Sitini na moja ni mojawapo ya vile vipeo vitatu alivyoviacha Mersenne. Ilibidi kasisi wa Kirusi, Ivan Pervushin, akirejeshe mwaka 1883.

#34 SteshenariMasasi

Umeme umerudi saa mbili usiku. Programu imeendelea kutoka pale ilipohifadhi mara ya mwisho, asilimia 60.97, na kuna wateja wawili mlangoni wanataka kudurufu vyeti.